Rimu ya Walioghairi

Nje ya mlango wa kantini ya shule ya urubani palining'inia rimu ya gurudumu la ndege ndogo, imefungwa kwa mnyororo kwenye boriti, na chini yake spana kubwa imeegemezwa ukutani. Mgeni angedhani ni kengele ya chakula. Wala! Iligongwa kwa jambo moja tu: mwanafunzi akija kutua, akaona mambo hayamwendei, akatia mafuta na kurudi juu ili azunguke na kujaribu upya. Pale shuleni kitendo hicho walikiita kughairi. Ukighairi, aliye karibu na spana anainuka, ngo! ngo! ngo!, na kantini nzima inavunjika mbavu. Ukishuka unakuta wamejipanga mlangoni. "Karibu, Mghairi! Ardhi imekufanyia nini mpaka umeikimbia?" Wiki nzima huna jina jingine.

Utani tu, walisema. Utani, utani! Mimi nimechoka na watu wanaoumiza wenzao halafu wanasema utani.

Aliyeitundika ni mwalimu mkuu mwenyewe, mama mwembamba mwenye sauti ya kukwaruza, ambaye shule nzima ilimwita Shangazi. Hakuwa mtu mbaya. Naomba tuelewane hapo mapema, maana huko mbele mtataka kumrarua. Rimu ile ilitoka kwenye ndege ya kaka yake. Kaka alikuwa rubani wa kusifiwa, na siku moja alikuja kutua kwenye kiwanja hiki hiki, mbuzi wakakatiza njia, akaghairi. Alisukuma mafuta yote kwa mkupuo mmoja, pua ya ndege ikanyanyuka, hakuishusha. Akapandisha flapu zote kwa pamoja, yaani vile vibao vya nyuma ya mbawa vinavyoteremshwa ili ndege iweze kuja polepole bila kudondoka. Ndege ikakosa upepo wa kuibeba, bawa la kushoto likainama, ikaenda chini mbele ya macho ya dada yake aliyekuwa amesimama nje na kikombe cha chai. Dada akaondoka pale na funzo moja kichwani, kwamba kughairi kunaua.

Hapo ndipo alipopotea njia. Kaka hakuuawa na kughairi, aliuawa na kughairi vibaya, kwa sababu hakuwahi kulifanyia jambo hilo mazoezi ya maana. Lakini nani angethubutu kumweleza mfiwa? Shangazi akaapa kwamba wanafunzi wake watajipanga vizuri na watatua kwa mara ya kwanza, kila mara. Somo la kughairi alilitoa mara moja tu kwa kila mwanafunzi, juu kabisa, flapu zikiwa zimepandishwa, injini ikiwa na nguvu zake, kama mtu anayefundisha kuogelea sebuleni. Ukimuuliza zaidi anakujibu, "Aliyejipanga haghairi." Kisha akaipachika rimu pale mlangoni ili waone aibu.

Mmoja tu alikuwa hajagongewa hata mara moja, naye alikuwa binti wa kaka yake.

Huyo waliyemwita Kadogo, kwa sababu ya kimo chake, alikuwa akiingia ndegeni na mto wa kochi aliouiba nyumbani kwao ili macho yake yafike kwenye kioo. Baba alipokufa alikuwa bado anang'oka meno. Alikua akawa mkaidi, mcheshi, mwenye kicheko cha kusikika ng'ambo ya pili. Siku hiyo ilikuwa siku yake ya kuruka peke yake kwa mara ya kwanza, bila Shangazi kwenye kiti cha pembeni. Mizunguko mitatu, kutua mara tatu, basi. Na mama yake alikuwa amekuja kutazama.

Mama huyo, wifi yake Shangazi, hakuwahi kukanyaga pale tangu msiba. Alikaa kwenye benchi la kantini na mkoba mapajani, ameukumbatia kama anayengoja jina lake liitwe hospitalini.

"Na hiki chuma je, wifi?" aliuliza, akiionyesha rimu kwa kidevu. "Mbona mmekitundika kama nyama buchani?"

"Kengele tu. Vijana wanapenda kelele."

Shangazi hakumwambia ilitoka wapi. Hakumwambia mtu yeyote, ila Fundi wa ndege aliyemsaidia kuifungua kwenye mabaki.

"Nimeshatoa mume hapa," wifi akasema. "Huyu mtoto amelia, amenuna, amesusa chakula, nikakubali shingo upande. Sina mwingine, unajua. Nakukabidhi mkononi, wifi. Nirudishie mzima."

"Ningekuwa na wasiwasi ningemruhusu?"

"Wewe huna wasiwasi na kitu. Hata siku ya msiba ulikuwa unapanga viti."

Neno hilo lilimchoma Shangazi, kwa kuwa ni kweli alipanga viti. Alivipanga mpaka vikamwishia, akaanza kuvipangua.

Kadogo akatoka ofisini na mto wake kwapani, anacheka. "Mama, shika mkoba vizuri usije ukapaa wewe badala yangu! Shangazi, chai iwe tayari. Natua mara tatu, halafu nataka picha, na Fundi asiingie kwenye picha na lile ovaroli lake."

"Ovaroli langu limekukosea nini?" Fundi akadakia kutoka ndani, akitafuna mkate.

Kadogo alipopita mlangoni aliipiga rimu kofi dogo la kiganja. "Leo unalala njaa, mzee," akaiambia, akaenda zake.

Shangazi aliingia kwenye kibanda cha redio, chumba kidogo chenye dirisha pana linalotazama njia ya ndege. Mezani palikuwa na redio, kipaza sauti chenye kitufe, na chupa ya chai. Kutoka pale aliiona njia yote. Kulia, upande wa barabara kuu, ndipo ndege zilipoingilia. Katikati, pembeni mwa njia, palisimama tangi jeupe la maji. Kushoto njia iliishia kwenye uzio wa waya, na nyuma ya uzio machimbo ya mawe na miti mirefu. Kutokea upande wa machimbo mwanafunzi haruhusiwi kutua, miti ile ingemkwaza.

Mzunguko wa kwanza, usiseme! Kadogo alikuja taratibu, akaweka magurudumu chini kama anayelaza mtoto, akatia mafuta, akapaa tena. Kantini walipiga mbinja. Wifi mtu alisimama, akaketi, akasimama tena.

Wa pili, upepo ukageuka. Nyuma ya vilima palikuwa na wingu zito ambalo tangu asubuhi lilikaa mbali, na sasa lilikuwa limeanza kusogea. Soksi ya upepo, ule mfuko wa kitambaa juu ya mlingoti, iliyokuwa ikielekea huku ikalegea, ikazunguka, ikaelekea kule. Shangazi aliiona. Kadogo, aliyekuwa tayari amekunja kona ya mwisho, hakuiona. Upepo ukamsukuma mgongoni, naye akaja kasi kuliko kawaida, akafika juu ya njia, ndege ikakataa kuketi. Ikawa inaelea tu, futi chache juu ya lami, na lami inakwisha.

Shangazi alikuwa na kidole kwenye kitufe. Neno lilikuwa moja tu, na alikuwa nalo kooni: ghairi. Aliliona tangi likija, akamwona kaka yake, akawaona mbuzi, akaona kikombe cha chai. Kidole kikabonyeza, mdomo ukafunguka, neno halikutoka. Fikiria! Mwalimu wa miaka yote hiyo, amekauka kama mti.

Kadogo aliamua mwenyewe, tangi likiwa limeshapita. Injini ikanguruma. Pua ikanyanyuka, ikanyanyuka zaidi, tumbo la ndege likaonekana lote, na bawa la kushoto likaanza kwenda chini. Ilikuwa picha ile ile. Shangazi akapata sauti, sijui aliitoa wapi.

"Sukuma! Sukuma usukani mbele! Mguu wa kulia! Flapu usiguse, usiguse!"

Ndege ilining'inia. Kisha pua ikashuka kidogo, bawa likarudi juu kwa shida, na ndege ikapita juu ya uzio, ikakwangua majani ya miti ya machimbo, ikatoka. Ilikuwa hai. Mtoto alilichungulia kaburi, akarudisha kichwa.

Shangazi alibaki ameshika kipaza sauti, jasho linamtiririka, kidole bado kimebonyeza kitufe. Hapo ndipo iliposikika nje, karibu kabisa na dirisha.

Ngo! Ngo! Ngo!

Alikuwa Fundi. Hakuona miti wala bawa, mtu wa watu, alikuwa ndani na mkate wake. Alisikia injini ikinguruma upande usio wa kawaida, akajua kuna mtu ameghairi, akatoka na kufanya kilichofanywa siku zote. "Hata mtoto wa nyumbani!" alipaza sauti akicheka. "Karibu chamani!" Kicheko cha kantini kikafuata. Na kwa kuwa kidole kilikuwa kwenye kitufe, vyote vilipanda juu kwa redio, rimu, kelele na kicheko, mpaka masikioni mwa mtoto aliyekuwa bado ameng'ang'ania usukani.

Shangazi akakiachia kitufe kama kimemuunguza. Kisha sauti ya Kadogo, nyembamba.

"Nimesikia. Yangu ya kwanza."

Mlango wa kibanda ukafunguliwa kwa kishindo. Wifi aliingia akipiga makofi, machozi yanamtoka, kitambaa kimemdondoka begani. "Wamempigia kengele! Wifi, nimeona ile ndege inavyoinuka, nikasema tumekwisha, na huyu naye kaenda, halafu akatoka! Akatoka mwanangu! Na wenzake wamempigia kengele!" Aliushika mkono wa Shangazi akautikisa. "Nilikuwa nakuwazia mabaya, nisamehe. Umemfundisha. Kumbe umemfundisha."

Jamani. Mngemwona Shangazi uso wake. "Kaa hapo, wifi," alisema. "Kaa kimya kidogo, tafadhali."

Akabonyeza kitufe. "Kadogo, usije kwanza. Panda juu, nenda upande wa barabara kuu, zunguka hapo. Upepo umegeuka, uko mgongoni mwako. Kosa si lako."

"Sawa."

"Mafuta unayo tele. Sasa nisikilize vizuri. Kuna vitu sikukufundisha."

Wifi, aliyekuwa anajifuta machozi, aligeuza kichwa polepole. "Hukumfundisha nini?"

Shangazi hakumtazama. Alifunga macho, akaanza kuvitoa vyote alivyovificha tangu siku ile ya mbuzi, kwa sauti ya kukwaruza inayojikwaa. "Ukighairi, ghairi mapema, ungali mwanzoni mwa njia, usingoje miti ikujie usoni. Tia mafuta yote, lakini kwa mkono laini. Pua itataka kupanda yenyewe, kwa sababu lile gurudumu dogo la trimu umeliweka la kutua, limekubebea usukani. Usiiachie. Isukume chini kwa nguvu, mikono miwili ikibidi, mpaka uione ardhi mbele yako kama kawaida. Mguu wa kulia ukanyage, la sivyo itakupeleka kushoto. Flapu pandisha hatua moja tu. Ngoja. Ukiona unapanda kweli, ndipo hatua nyingine. Zikitoka zote pamoja unadondoka. Kuongea na mimi ni mwisho wa yote. Hata usipoongea na mimi kabisa, sawa."

"Mbona ulisema aliyejipanga haghairi?"

"Nilisema upumbavu."

Wifi alitoa mkoba kwapani, akauweka mezani.

"Rudia niliyosema," Shangazi akamwambia, na Kadogo akarudia, neno kwa neno. Ana kichwa, yule mtoto. "Sasa fanya huko huko juu. Jifanye hilo wingu dogo lililo mbele yako ndiyo njia ya ndege. Teremsha flapu zote, njoo polepole, halafu ghairi."

Walimwona kutoka dirishani, mdogo kama nzi juu ya barabara kuu, akipunguza mwendo, kisha injini ikapanda. "Mama wee!" redio ikasema. "Inavuta kama punda!"

"Ndiyo. Isukume."

"Nimeisukuma. Inakaa." Akafanya mara ya pili, ikaenda safi zaidi. Kumbe lilikuwa jambo la kufundishika. Kumbe kwa dakika hizo chache tu, miaka yote hiyo, angeweza kumfundisha kila aliyepita mikononi mwake. Moyo ukamsuta.

Lakini wingu lilikuwa limefika kwenye vilima, na chini yake mvua ilining'inia kama pazia. Kadogo hangeweza kuzunguka mpaka ipite. Hajafundishwa kuruka ndani ya mvua, na kiwanja kingine kilikuwa nyuma ya wingu lile lile. Ilikuwa lazima aje, na aje sasa.

"Unaliona tangi jeupe?" Shangazi akauliza.

"Naliona."

"Ukifika usawa wa tangi magurudumu hayajagusa chini, unaghairi. Huniulizi mimi, hujiulizi wewe. Kama ulivyofanya juu ya wingu. Unazunguka, unakuja tena. Hata mvua ikianza, tutaona cha kufanya. Hakuna atakayekucheka."

Shangazi akakibonyeza kitufe tena.

"Kadogo?"

"Mama yangu alikuwepo?" Sauti ilikuwa ya mtoto kabisa. "Ile rimu ilipogongwa. Aliisikia?"

Shangazi alimtazama wifi yake. Wifi alikuwa amesimama pale na kitambaa mkononi, hajui rimu ni ya nini, hajui kwa nini mtoto anauliza kwa sauti ile. Na hapo, nawaambieni, ndipo palipokuwa pa kusema. Maneno machache tu: mama yako amepiga makofi, mama yako amelia kwa furaha, kwake kule kurudi juu kumekuwa ushindi. Lakini kuyasema mbele ya wifi kungetaka maelezo. Wifi angeuliza, kwani hiyo kengele ni ya nini? Na rimu yenyewe imetoka wapi? Shangazi angelazimika kueleza kwamba amekuwa akiwacheka watoto wa watu kwa jambo lililokuwa la kuwaokoa, na kwamba amewacheka kwa chuma cha marehemu. Aliona aibu. Aibu tu, hakuna kingine! Aliona aibu kwa wifi yake.

"Aliisikia," akasema. Akaishia hapo.

"Mh," Kadogo akajibu. "Haya. Nakuja."

Alikunja kona ya mwisho wingu likiwa limefunika jua. Soksi ya upepo ilikuwa imenyooka kwa nguvu, bado inaelekea kubaya. Fundi alikuwa ameshaiona hali, ametupa mkate, amesimama kando ya gari la kuzimia moto akiwa na funguo mkononi, na kantini hapakuwa tena na anayecheka. Matone ya kwanza yalipiga dirisha.

Alikuja chini zaidi safari hii, amejitahidi, amepunguza mwendo kadiri alivyoweza. Kwa upepo wa kawaida angetua bila tatizo. Lakini upepo ukampiga mgongoni pale pale mwanzoni mwa njia, ndege ikanyanyuka kidogo, ikaanza kuelea. Inaelea, inaelea. Magurudumu yako hewani, kimo cha mtu. Tangi likaja.

"Ghairi," Shangazi akasema, na safari hii neno lilitoka vizuri kabisa.

Tangi likapita.

"Kadogo, ghairi!"

"Naweza, Shangazi."

"Usiweze! Mwanangu, ghairi, nakuomba! Mafuta yote, sukuma usukani, unajua, umefanya mara mbili, unajua!"

"Naiweka chini."

"Anafanya nini?" wifi alipiga ukelele. "Wifi, mwanangu anafanya nini? Si arudi juu kama mwanzo? Mwambie arudi juu!"

"Namwambia! Namwambia!" Shangazi alikuwa anapiga meza kwa ngumi, kipaza sauti kinaruka. "Kadogo, mama yako anasema rudi juu! Alipiga makofi, unanisikia? Alipiga makofi!"

Hakusikia. Au alisikia, lakini magurudumu yalikuwa yameshagusa, na aliyegusa pale hakuwa na nafasi ya kurudi popote. Ndege iligonga lami, ikaruka, ikagonga tena. Breki zikalia kwenye maji. Uzio wa waya ukapasuka. Walichoona baada ya hapo ni mkia uliosimama wima kati ya miti, ukakaa hivyo kidogo kama unaofikiri, kisha ukaanguka upande wa pili.

Wifi alitoka mbio kabla hata mlio haujafika. Viatu alivitupa, kitambaa alikitupa, mkoba ulibaki kwenye kibanda. Shangazi alimfuata, na mvua ikawakuta katikati ya njia, mvua nene ya kuziba macho. Gari la Fundi likawapita. Shangazi alikuwa anakimbia na huku anasema peke yake, anaahidi, anaomba, anataja vitu vyake kimoja kimoja, chukua hiki, chukua na hiki, uniachie huyu.

Ndege ililala chali kwenye kifusi cha machimbo, magurudumu juu, moja bado linazunguka. Harufu ya mafuta ilijaa kila mahali. Fundi alikuwa ameshamwaga povu la kuzimia moto, ameuvunja mlango kwa chuma, na sasa alikuwa amepiga magoti, analia waziwazi.

Kadogo alikuwa ananing'inia kwenye mikanda kichwa chini. Mto wa kochi ulikuwa umeangukia kwenye dari, umelowa damu upande mmoja. Uso wake ulikuwa mzima. Kuanzia kiunoni kwenda mbele, dashibodi yote ilikuwa imemrudia.

"Usimtoe!" Shangazi akamzuia Fundi. "Usimvute. Wapigie simu wa hospitali."

"Nimepiga. Wanakuja."

Wifi alijipenyeza kwa tumbo kwenye tope na vioo, akakishika kichwa cha mtoto wake kwa mikono yote miwili, akakibeba ili shingo isichoke. "Mama'angu. Mama'angu, niko hapa."

"Mama." Kadogo alifumbua macho. "Miguu yangu siisikii."

"Iko hapa. Naiona. Iko."

Shangazi aliingiza mkono kupitia upande wa pili, akauweka kwenye bega la mtoto. Kadogo akamtafuta kwa macho, akampata, na akajaribu, Mungu wangu, akajaribu kutabasamu.

"Shangazi. Nimetua."

"Umetua, mwanangu."

"Sikughairi. Umeona?" Alivuta pumzi kwa shida. "Waambie wasigonge."

Mvua ilikuwa inapiga tumbo la ndege kwa kelele. Wifi aliinua macho kutoka kwenye uso wa mtoto wake. Alimtazama Fundi, Fundi akainamisha kichwa. Akamtazama Shangazi.

"Anasema wasigonge nini?"

Na sasa, wakati ambao haumsaidii mtu, Shangazi akasema. Alisema yote, magoti kwenye tope, maneno yanapanda juu ya maneno. Kwamba rimu ni ya aibu. Kwamba hugongewa aliyerudi juu. Kwamba ni ya ndege ya kaka, aliitoa kwenye mabaki kwa mikono yake. Kwamba alidhani anawalinda. Wifi alimsikiliza bila kupepesa, kichwa cha mtoto kikiwa bado viganjani mwake.

"Mimi nilipiga makofi," wifi akasema.

"Ulipiga makofi, mama?" Kadogo aliuliza kwa sauti ya kushangaa. "Lini? Nilipoghairi?"

"Nilipiga mpaka viganja vikauma. Nilijua wanakupongeza. Ulitoka kwenye kifo nikikuona, mama'angu, nisipige makofi nina nini?"

Kadogo alilifikiria hilo. Kwa mbali, ng'ambo ya njia ya ndege, king'ora kilianza kusikika.

"Shangazi hakuniambia," akasema.

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeeleza tu jinsi ilivyokuwa.

"Toa mkono wako kwa mwanangu," wifi akamwambia.

Shangazi akautoa. Alirudi nyuma kwa magoti mpaka akaugusa uzio uliokatika, akabaki hapo, mvua ikimnyeshea, akiwatazama watu wa hospitali wakishuka mbio na machela yao.